Fundi na Mashine Tatu Zilizosingiziwa

Inatangazwa rasmi, kwa wafanyakazi wote na yeyote anayehusika, kwamba kiti cha plastiki nyuma ya mlango wa chumba cha vipimo kitakuwa wazi kuanzia tarehe 30 Juni. Mwenye kiti, Fundi wetu wa vifaa, anastaafu baada ya kukitumikia kituo hiki cha afya kwa miaka thelathini na moja. Maombi ya kukirithi yasiletwe mapokezi. Mimi karani nimekwisha kujiombea.

Fundi aliitwa kutengeneza pampu ya maji, kazi ya wiki mbili. Pampu ikapona, yeye akabaki. Tangu hapo hakuna bomba, taa wala jokofu la chanjo lililokufa hapa bila kupiganiwa. Jambo moja tu lilimshinda: kuketi bila kusinzia. Alisinzia mikutanoni, alisinzia akisubiri chai ipoe, na siku moja alisinzia juu ya ngazi, bisibisi mkononi, sisi tumeishikilia ngazi tukinong'ona kama tunabembeleza mtoto. Tulimwonea wivu. Mimi ninayekesha nikihesabu mabati ya paa nilimpa jina la Bingwa. Mgonjwa wa presha akilalamika kwamba halali, muuguzi mkuu alimwonyesha kile kiti: mwige huyo mzee.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, aliijaribu mashine ya presha kwenye mkono wake mwenyewe. Mtu anayelala kama yeye, alisema, presha aitoe wapi? Ikisoma juu, basi mgonjwa ni mashine. Mwaka jana moja ikasoma juu. Akaifungua, akaisafisha, ikaishia stoo. Ya pili ikaifuata. Ya tatu ilikuwa mpya, hata nailoni haijabanduliwa, nayo ikahukumiwa. Sote tukavilaani viwanda vya siku hizi.

Ya nne ilipoanza ukaidi ule ule, daktari wetu mpya, binti asiyejua bado desturi za hapa, aliifunga mkononi mwa muuguzi, mwa mfagizi, na mwangu. Sote salama, hata mimi na kitambi changu. Akarudi kwa Fundi. Mashine ikasema yale yale.

Sasa tuseme ukweli. Daktari alimwita shemeji, mkewe Fundi, naye akashangaa kusikia mumewe anasifiwa kwa usingizi. Usingizi gani? Huyu hukoroma mpaka masufuria yanaitikia, kisha pumzi inakatika kabisa, mpaka mkewe amtikise, ndipo anashtuka akitafuta hewa. Ndivyo usiku kucha. Alishatuambia, nasi tukamwambia avumilie, ndiyo ndoa hiyo. Daktari akatueleza: pumzi ikikatika, mwili unaingia hofu, moyo unasukuma kwa nguvu, na presha iliyopanda usiku inashinda juu mchana. Fundi hakuwa ameshiba usingizi. Alikuwa na njaa yake. Tulipokuwa tukiishikilia ngazi, mishipa yake ilikuwa inaelemewa.

Leo anameza dawa na kulala na barakoa inayomsukumia hewa. Kipimo kinashuka, polepole. Shemeji naye analala. Na tangazo letu la juu limechelewa: kile kiti kiko wazi tangu Machi, mwenyewe hana tena haja nacho.

Mashine tatu zimetoka stoo, hazina kosa hata moja. Ya kwanza kuhukumiwa ndiyo zawadi yetu kwako. Asante, Fundi. Tunakutakia usiku mrefu na pumzi zisizokatika. Na siku mashine ikisoma juu, tafadhali, weka bisibisi chini uje utuone.