Unga wa Kiganjani: Maisha ya Mama Tanuri

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tanuri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, aliyekuwa mwashi. Hiyo ndiyo tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake. Mama yake mzazi, hata hivyo, alishikilia hadi mwisho wa uhai wake kwamba mtoto alizaliwa siku moja kabla, na kwamba karani wa vizazi alikosea. Marehemu aliwaridhisha wote wawili: tarehe 13 alipokea pongezi, tarehe 14 akapokea zawadi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara na kuhitimu mwaka 1970. Alipenda hesabu, lakini sifa yake ilikuwa kuimba. Waliosoma naye wanasimulia kwamba aliweza kushikilia sauti moja mpaka mwalimu mwenyewe akamwomba apumue.

Mwaka 1974 baba yake alimjengea tanuri la matofali uani, lenye bomba fupi la moshi. Hapo ndipo alipooka mikate kwa zaidi ya miaka thelathini, akichochea kuni na kupuliza makaa kwa mdomo wake. Alikuwa na namna yake ya kupima joto: alitia unga kidogo kiganjani, akaupuliza ndani ya tanuri. Unga ukigeuka kahawia taratibu, mikate iliingia. Ukiungua papo hapo, alisubiri.

Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa mteja. Alinunua mkate asubuhi na mwingine jioni, ilhali aliishi peke yake. Siku moja marehemu alimuuliza mkate wote huo anaupeleka wapi.

"Nawapa kuku, dada."

"Kuku wananenepa, wewe unakonda. Kaa hapo ule."

Alikaa. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Kikohozi kilimwanza taratibu, na kwa miaka mingi alikiita mafua. Mwaka 2009 alishindwa kupanda ngazi za benki bila kuketi katikati, ndipo akakubali kupimwa.

"Mama, unavuta sigara?" daktari aliuliza.

"Sijawahi kuishika."

"Basi moshi huu wote umeutoa wapi?"

"Kazini, mwanangu. Nyinyi mnakula mkate, mimi nakula moshi wake."

Aliambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa: hauponi, lakini hutulizwa. Hatari kubwa ni pale unapozidi ghafla, hasa ukikutana na nimonia, kwa kuwa kila mara mapafu hubaki pungufu kuliko yalivyokuwa. Alitakiwa awahi hospitali dalili zikianza. Kuwahi ndiko kulikompa shida, maana alikuwa mtu wa kusema "nimeshapoa" huku akihema. Basi yeye na mumewe wakawekeana sharti. Kila asubuhi angepuliza unga kiganjani mbele ya mume. Ukiruka wote, siku inaendelea. Ukibaki, wanakwenda hospitali, hakuna mjadala.

Moto alimwachia binti yake kitinda mimba, isipokuwa kwa jambo moja. Mikate ya harusi ya binti huyo aliapa kuioka yeye mwenyewe. "Bibi harusi hajiokei," alisema.

Wiki ya harusi, Novemba 2016, alikohoa kuliko kawaida, makohozi yakabadilika rangi, akawa analala ameketi. Hata hivyo kila asubuhi unga uliruka. Mumewe alichunguza, akagundua kwamba kigoda anachokalia mkewe kimehamia chini ya dirisha, na kwamba yeye hungoja pazia lipepee ndipo apulize. Akafunga dirisha.

"Puliza tena."

Unga ulibaki.

"Baba watoto, hata upepo unaninyima?"

"Upepo si mapafu, mke wangu. Vaa viatu."

Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akawekewa oksijeni na dawa za mshipani. Binti alitaka kuahirisha harusi. Mama alikataa katakata. Kwa hiyo Jumamosi, tarehe 12, bibi harusi alijiokea mikate yake, na baada ya sherehe akaingia wodini na gauni lake, mkate mkononi, bwana harusi akimfuata. Marehemu aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole, akasikiliza.

"Umeiva. Chini umeungua kidogo."

"Mama jamani, hata leo?"

"Usijali, bwana harusi hajui kitu."

Wodi nzima ilicheka, bwana harusi akiwa wa kwanza. Alasiri hiyo marehemu alimwambia binti yake kwamba tanuri sasa ni lake. Mkwe na mume waliongeza urefu wa bomba la moshi mwezi uliofuata.

Aliishi miaka mingine saba na ushee, akipuliza unga wake dirisha likiwa limefungwa. Alizidiwa mara kadhaa, akawahi, akarudi nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, alimwita mumewe kutoka kwenye baiskeli zake, akafunga dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akapuliza.

"Umebaki wote," alisema. "Nimeshavaa viatu."

Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Madaktari na wauguzi walijitahidi, nasi tunawashukuru. Alhamisi, tarehe 6, binti alimletea mkate wa asubuhi. Marehemu hakuweza kuula. Aliugonga chini, akasikiliza kwa muda mrefu kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Alifariki alasiri hiyo, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mwana, binti, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na tanuri ambalo leo asubuhi liliwashwa kama kawaida. Mumewe amelifungua lile dirisha.

Alale salama Mama Tanuri. Kazi ya kupumua ameimaliza vizuri.