Ng'ombe wa Mzee Ndaki kwa Kiingereza

EUFRASIA: Haloo, nani mwenzangu? Hii namba siijui.

MWIGULU: Dada, ni mimi. Shikamoo.

EUFRASIA: Mimi nani? Nina madaftari ya Kidato cha Pili hapa mpaka kidevuni—

MWIGULU: Mwigulu. Mdogo wako. Simu yangu imezima, hii ni ya Kalisti, dereva wetu. Shikamoo dada.

EUFRASIA: Marahaba. Ukiniamkia mara mbili najua umeharibu kitu. Umeharibu nini?

MWIGULU: Sijaharibu. (anashusha sauti) Dada, "wapo wapo" kwa Kiingereza inaitwaje?

EUFRASIA: Nini?

MWIGULU: Wapo wapo. Si wengi, si wachache. Hutaki kutaja, lakini hutaki watu wakuone fukara. Neno lake.

EUFRASIA: Saa mbili asubuhi unanipigia shuleni kuniuliza... Wewe uko wapi? Nasikia ng'ombe.

MWIGULU: Niko kwa mzee Ndaki. Huku karibu na Songwa.

EUFRASIA: Ndaki yupi? Baba yake Nelly?

MWIGULU: Huyo huyo.

EUFRASIA: Mwigulu. Washenga wetu wanakwenda Jumamosi kukuombea mke. Leo Jumatano wewe unafanya nini nyumbani kwake?

MWIGULU: Nimekuja kikazi. Si nilikwambia nimeacha duara la dhahabu kule Bulyanhulu? Shimo halitoi hata unga. Nikapata ukalimani kwa yule mama wa utafiti, mama Birgit, anazunguka kwa wafugaji kuuliza habari za malisho. Leo orodha yake ikatuleta hapa. Ningekataa kwa sababu gani?

EUFRASIA: Ukalimani. Wewe uliyekuwa unatoroka kipindi cha Kiingereza kupitia dirishani.

MWIGULU: Kiingereza ninacho. Cha kuomba maji, cha kusema barabara mbovu. Na namba ninazo zote, tulichapwa mpaka tukafika elfu. Sasa shida ndiyo hiyo, dada. Ninazo namba tu.

EUFRASIA: Sikuelewi. Na mtandao wako unakwaruza, sogea.

(kwaruzo, kisha upepo)

MWIGULU: ...unanipata sasa? Nimepanda kwenye kichuguu. Nasema hivi, swali la kwanza kwenye fomu yake ni: una ng'ombe wangapi.

EUFRASIA: Mungu wangu. Anamuuliza Msukuma hivyo, asubuhi, mbele ya zizi lake?

MWIGULU: Kila mji wa mfugaji tunaoingia. Na wewe unajua wanavyojibu. Mmoja anasema tunakunywa maziwa. Mwingine anasema si haba. Mwingine anakuonyesha tu vumbi kule mbugani, basi, amemaliza. Mama Birgit kashika kalamu, ananitazama mimi. Nikikaa kimya ataona amejikodia bubu.

EUFRASIA: Kwa hiyo ukamwambiaje?

MWIGULU: Nikawa nampa namba.

EUFRASIA: Namba gani?

MWIGULU: Namba tu, dada. Miji kumi na moja, siku tatu.

EUFRASIA: Ulikuwa unazitoa wapi?

MWIGULU: Mwanzo nilisema ishirini, nikasema hamsini. Nikaona anakunja uso. Namba iliyotimia vile inaonekana ya uongo. Nikaanza kutafuta zenye mikia. Thirty-eight. Sixty-three. Zikaniishia, ukijitungia namba nyingi zinaanza kufanana. Ndipo nikakumbuka ule ubao wa nyimbo pale parokiani.

EUFRASIA: Ubao wa—

MWIGULU: Nyimbo za Jumapili iliyopita. Wa kuingia, wa matoleo, wa komunyo...

EUFRASIA: Umewagawia watu ng'ombe kwa nyimbo za misa?

MWIGULU: Zilikuwa namba nzuri, hazifanani.

EUFRASIA: (anacheka, anaziba mdomo) Ngoja nitoke nje, walimu wenzangu wananitazama. ...Haya. Na mzee Ndaki amepata wimbo gani?

MWIGULU: Mia moja kumi na saba.

EUFRASIA: Wa matoleo. Niliuanzisha mimi huo.

MWIGULU: Usicheke, dada. Kwa wale wengine haikuwa na neno, Kiingereza hawakisikii. Lakini mama Birgit Kiswahili chake ni cha kushukuru na kuhesabu, na leo ndiyo kaamua kukitumia. Kaandika, kafunga daftari, kamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, kamwambia: hongera baba, ng'ombe mia moja na kumi na saba.

EUFRASIA: Mbele ya watu?

MWIGULU: Mbele ya mama Nelly. Mbele ya Nelly mwenyewe kashika sufuria ya uji. Na majirani wawili.

EUFRASIA: Yesu na Maria. Mzee akasemaje?

MWIGULU: Kachukua fimbo, kaingia zizini, kakaa huko. Muda mrefu. Ng'ombe wamechelewa kutoka kwa ajili hiyo, ndio hao unaowasikia. Halafu katoka, kaniuliza kitu kimoja tu.

EUFRASIA: Kitu gani?

MWIGULU: "Na huyu ndama wa alfajiri umemweka?"

EUFRASIA: Usiniambie.

MWIGULU: Wametokea hao hao mia moja kumi na saba, dada. Bila kupungua. Sasa anaamini nilikuja kuwahesabu kwa kujificha. Anasema ni mkwe gani huyu anahesabu urithi na mwenye mali bado anatembea. Kamtuma mtu akawaambie washenga wasihangaike na nauli. Nelly analia nyuma ya nyumba. Na mimi nampenda yule binti, dada. Nampenda sana, sijui nitakwenda wapi nikimkosa.

EUFRASIA: Najua. Tuanze na mgeni. Yeye asipofuta, mzee hatakusikiliza. Nenda kamwambie ukweli.

MWIGULU: Kwa Kiingereza gani? Nikisema sijui wapo wangapi, ataandika kwamba mzee kakataa kujibu. Na mzee hakukataa. Alijibu vizuri sana. Alisema, wanatutosha kugombania.

EUFRASIA: Alisema hivyo?

MWIGULU: Na akacheka. Sasa hiyo ni wangapi?

EUFRASIA: Sikiliza. Wazungu nao wana maneno ya kukwepa, tena mengi. Ukiwa na namba lakini huna hakika nayo, unaitangulizia "about". About forty. Kama arobaini hivi.

MWIGULU: Sitaki yenye namba ndani yake. Namba ndiyo imenifikisha hapa.

EUFRASIA: Basi "roughly" nayo iache. Kuna "a few". Wachache.

MWIGULU: Wachache? Mzee akija kutafsiriwa nitachapwa. Ataona namdharau juu ya kumhesabia.

EUFRASIA: "Several".

MWIGULU: Hiyo ni wangapi?

EUFRASIA: Wamezidi wawili watatu, lakini wengi hawajafika.

MWIGULU: Huyo ni mtu wa mbuzi. Panda kidogo.

EUFRASIA: "Dozens". Madazeni.

MWIGULU: Hiyo ya madaftari. Tena atazidisha kwa kumi na mbili, namjua, ana kalkuleta mfukoni.

EUFRASIA: Unachagua kama uko mnadani. Kuna "umpteen"... hapana, hiyo ni ya mtu aliyechoka kuhesabu, ina kero ndani yake. Ngoja. "Quite a few".

MWIGULU: Si umesema few ni wachache?

EUFRASIA: Ukiweka "quite" mbele wanakuwa wengi.

MWIGULU: Kwa nini?

EUFRASIA: Kawaulize wenyewe, mimi nafundisha tu. Ni neno la mtu mwenye mali anayejifanya hana. Hasemi wengi, anasema si wachache, na anayemsikiliza anajua amsalimie vipi.

MWIGULU: Hilo. Hilo ni mzee Ndaki mtupu. Kwaiti e fyuu. Usikate, dada, narudi. Kalisti, shika simu yako, usiikate—

(muda unapita, ng'ombe, mtu anakohoa karibu na simu)

EUFRASIA: Haloo? ...Kidato cha Pili, mkae kimya huko, nawaona. ...Haloo?

MWIGULU: Dada, upo? Nimemwambia. Yote, na nyimbo. Kwanza akawa mwekundu, nikajua kazi imekwisha. Halafu akacheka mpaka miwani ikadondoka.

EUFRASIA: Na neno?

MWIGULU: Kaliandika. Halafu akauliza, how many is quite a few?

EUFRASIA: Mtihani huo. Ukajibu nini?

MWIGULU: Nikamwambia, ask the cows.

EUFRASIA: Mwigulu.

MWIGULU: Amekubali, dada. Amefuta miji yote kumi na moja kwa raba. Kesho tunarudi mji kwa mji, hakuna namba, anaandika mtu alivyosema. Kalisti amenuna, ni safari upya. Lakini mzee... (anashusha sauti) Mzee anakuja huku kwenye kichuguu. Kaambiwa naongea na mkubwa wangu. Anataka simu.

EUFRASIA: Mimi? Nimwambie nini?

MWIGULU: Mwambie sikuhesabu. Na, dada, haraka, atataka kulipiza. Atakuuliza kwetu wapo wangapi. Usimwambie sita.

EUFRASIA: Sita ni pamoja na wawili wa mama mdogo.

MWIGULU: Basi usimwambie hata... Ndiyo, baba. Huyu hapa, baba.

MZEE NDAKI: Haloo. Nani huko?

EUFRASIA: Shikamoo baba. Naitwa Eufrasia, dada yake Mwigulu. Mwangaluka, baba.

MZEE NDAKI: Mwangaluka, mwalimu. Mhola?

EUFRASIA: Mhola duhu, baba, wote wazima.

MZEE NDAKI: Kijana wenu kanihesabia ng'ombe. Na kapatia. Mimi mwenyewe nilikuwa siijui hiyo namba, na nilikuwa nalala vizuri.

EUFRASIA: Hakuhesabu, baba. Zizini hakuingia. Wewe ulimjibu vizuri, yeye akakosa maneno ya kizungu ya kumfikishia mgeni kama ulivyosema. Akaona aibu, akatupa namba ya wimbo wa kanisani.

MZEE NDAKI: Wimbo.

EUFRASIA: Wa matoleo. Mia moja kumi na saba. Kitabu ninacho, nitampa mshenga aje nacho ukione.

MZEE NDAKI: Kwa hiyo kitabu chenu kinawajua ng'ombe wangu kuliko wanangu wanaowachunga.

EUFRASIA: Imetokea tu, baba. Mdogo wangu ana ujinga wa kuogopa kusema sijui, ila hana tamaa na mali ya mtu. Naomba utusamehe, nyumba yetu nzima. Anampenda binti yako, na mimi sijawahi kumsikia akililia kitu tangu tumzike bibi.

MZEE NDAKI: (anacheka chinichini) Nimesikia. Sasa na mimi niulize kidogo, maana huyu mgeni amenifundisha kuuliza. Kwenu wapo wangapi?

EUFRASIA: Haloo? Baba? Unakatika, baba—

MZEE NDAKI: Mimi nakusikia vizuri sana, mwalimu.

EUFRASIA: Kwetu, baba... asubuhi wakitoka, mtoto wa shule anasimama pembeni ya njia kuwasubiri wapite. Anachelewa kengele.

MZEE NDAKI: Anachelewa?

EUFRASIA: Anachelewa, baba. Mimi ni mwalimu, nawaona wanavyokuja wakihema.

MZEE NDAKI: (anacheka kwa sauti) Eh, hilo ndilo jibu la mtu. Wewe kijana, umemsikia dada yako? Huyu amelelewa. Haya, yule niliyemtuma kwa washenga arudishwe. Jumamosi waje.

EUFRASIA: Asante sana, baba. Mungu akubariki, asante.

MZEE NDAKI: Na mahari mimi sitataja namba. Namba za leo zimenitosha. Siku mkileta ng'ombe, nitamsimamisha mjukuu wangu Mageni hapa njiani na begi lake la shule. Mtawapitisha mbele yake. Akichelewa kengele, nimepokea.

EUFRASIA: Baba, lakini mimi nilikuwa—

MZEE NDAKI: Akiwahi, mtaongeza. Mimi sina maneno mengi. Kijana, chukua simu.

MWIGULU: Dada, kanishika bega. Kamwita mama Nelly, wanacheka wote. Na Nelly katoka nyuma ya nyumba, ananitazama. Umemwambia nini? Wewe dada wewe, nitakuletea—

EUFRASIA: Mwigulu, shule ya hapo iko wapi?

MWIGULU: Hii hapa, naiona bendera yake. Mtoto akikimbia ni kufumba na kufumbua. Kwa nini?

EUFRASIA: Na ng'ombe sita wanachukua muda gani kupita mbele ya mtu?

MWIGULU: Sita? Ukipiga chafya wameshapita. Kwa nini, dada?

EUFRASIA: Yule ng'ombe wa baba, mwenye mguu mbovu, bado yuko hai?

MWIGULU: Yuko. Anatembea, anapumzika, anatembea.

EUFRASIA: Basi siku hiyo atangulie yeye. Na hao watano muwafunge kamba nyuma yake wasimpite, halafu mama mdogo asimame katikati ya—

MWIGULU: Dada, Kalisti anasema salio lime—

(simu imekatika)