Springi ya Verna

Benchi letu liko mbele ya duka la chakula cha mifugo la akina Stallard, huku Virginia Magharibi, pale barabara inapojikunja kabla ya daraja. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mwenye duka hutuwekea birika la kahawa dirishani, na sisi humlipa kwa kumpigia kelele. Karanga hufika wa kwanza. Huyu ni Okey Tackett, mtu anayemimina karanga za chumvi ndani ya chupa ya soda saa moja asubuhi, akanywa na kutafuna kwa pamoja, kisha akashushia kahawa. Jemadari ni Denver Mullins, aliyekuwa mpishi jeshini miaka minne na anayeongea utadhani jeshi lenyewe alilianzisha yeye. Mitambo, yaani Lonzo Bragg, ametengeneza mikanda ya kubebea makaa mgodini miaka thelathini na moja, na ndiye pekee kati yetu anayejua anachokisema, ingawa hatumpi nafasi ya kukisema. Mimi ni Hobart. Wananiita Taratibu kwa sababu ya ninavyoendesha gari, na sijawahi kugonga kitu.

Jumatano hiyo nilikuja na bastola yangu nimeifunga kwa taulo la jikoni. Kesho yake mchana nilitakiwa hospitali kule Charleston, wanipasue kifua na kunibadilishia vali ya moyo. Wiki tatu nisingekuwepo. Mke wangu Verna alikuwa anabaki bondeni na mama yake, Bibi Ottie, mwenye miaka tisini na tatu, asiyeweza kutoka kitandani wala kuachwa hata nusu saa. Jirani wa karibu yuko maili mbili, na mwezi uliotangulia watu wasiojulikana walivunja ghala lake mchana kweupe wakampiga alipotoka kuwauliza. Kwa hiyo nilitaka kumwachia Verna kitu kinachofanya kazi. Mpaka asubuhi hiyo kilikuwa hakifanyi kazi, na kosa lilikuwa langu.

Nilitoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikavuta nyuma kile kipande cha juu, nikatazama ndani, nikasema, "Tupu." Nikampa Mitambo. Naye akatazama kana kwamba mimi sikusema kitu, akaingiza ncha ya kidole, akasema, "Tupu," akampa Jemadari. Jemadari naye vivyo hivyo, mpaka kwa Karanga. Kwetu hakuna anayenuna kwa hilo. Mtu akiipokea kwa kukuamini tu, huyo ndiye humwaliki tena nyumbani.

Mitambo: Haya, mgonjwa anaumwa nini?

Mimi: Verna hawezi kukivuta nyuma hiki kipande cha juu. Anaishika kwa mikono miwili, anakunja uso, kitu kinasogea nusu inchi tu.

Karanga: Si alikuwa anaivuta zamani? Nimemwona kwa macho yangu akipiga makopo pale kwenye uzio, tena akanishinda.

Jemadari: Wewe hata kopo lenyewe linakushinda.

Mimi: Zamani ndiyo. Sasa nimebadilisha springi.

Walisogea karibu, kwa sababu hapo kila mtu alishaona utamu unakuja.

Mitambo: Umebadilisha mwenyewe?

Mimi: Mwenyewe. Mezani, jikoni. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, imekuwa fupi. Nikasema kabla sijaondoka niweke springi mpya, ile kubwa na ile ndogo ya pini, na vishikizo viwili vilivyolika. Nikafanyia kazi ndani ya mfuko wa mkate, ule unaoonekana ndani, ili kitu kisiruke.

Mitambo: Vizuri. Hapo umefanya kama mtu.

Mimi: Mfuko ulikuwa na tundu.

Karanga alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Nikalazimika kuwaeleza yote: kile kifuniko kidogo cha springi kilichomoka, kikagonga dari, tukakitafuta saa nzima chini ya jiko na nyuma ya friji, mimi na Verna tumepiga magoti kama watu wa ibada. Alikipata Bibi Ottie. Kilikuwa kwenye bakuli lake la maharage, na alikwisha kukitafuna mara mbili akidhani ni mfupa wa nguruwe.

Jemadari: Jeshini ungefungwa.

Karanga: Jeshini wewe ungekuwa umeyapika hayo maharage.

Mitambo: Nyamazeni. Taratibu, springi kubwa umeweka ya nguvu ya ratili ngapi?

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia siku kumi. Nilikunywa kahawa kwanza.

Mimi: Ishirini na mbili.

Mitambo: Hiyo bastola imetoka kiwandani na kumi na sita.

Mimi: Najua.

Mitambo: Ulijua, ukaweka ishirini na mbili.

Mimi: Dukani zilining'inizwa pamoja, Lonzo. Kumi na sita, kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili. Mtu unasimama pale na watu wanakuona. Utachukuaje kumi na sita?

Hakuna aliyecheka. Ningewaomba wanionyeshe bastola zao, ningekuta wote watatu wana springi ya ishirini na mbili, na Karanga nadhani ana ya ishirini na nne.

Mitambo: Ya zamani iko wapi?

Mimi: Nimeifunga kwenye mlango wa banda la kuku. Ujifunge wenyewe.

Jemadari: Kwa hiyo kuku wana ulinzi na mkeo hana.

Niliwaambia kwamba nilishaagiza nyingine, ya kumi na sita, kwa posta, tangu siku ile niliyomwona Verna akihangaika. Iliahidiwa kufika Jumatatu. Jumatatu haikuja, Jumanne haikuja. Posta ya siku hiyo ilikuwa ndiyo ya mwisho kabla sijaondoka. Nikawauliza: isipokuja, nifanye nini?

Sikupaswa kuuliza.

Karanga: Kata. Springi ni ndefu, mwanamke ana mkono mfupi. Toa mizunguko miwili kwa koleo, habari imekwisha.

Mitambo: Ukiikata hujui umebakiza nguvu kiasi gani. Itamgonga au itamkwamia. Hakuna kukata.

Karanga: Basi ichemshe. Mjomba wangu wa kule Mingo aliichemsha springi ya mtego wa dubu ikalegea kabisa.

Mitambo: Na dubu?

Karanga: Dubu alikula mtego. Lakini springi ililegea.

Jemadari: Tatizo si springi, tatizo ni mazoezi. Mlete shemeji hapa, mimi nimpe saa moja. Pushapu hamsini, ndoo za maji mbili mbili kupanda kilima, kesho asubuhi anaivuta kwa kidole gumba.

Mimi: Denver, Verna ana miaka sitini na nane na vidole vina baridi yabisi.

Jemadari: Adui hataki kujua.

Karanga: Ni mwezi. Mwezi ukiwa unakua, chuma hukaza. Ndiyo maana nguzo za uzio huchimbiwa mwezi ukipungua. Hata bolti za trekta yangu...

Mitambo: Bolti za trekta yako zimekazwa na kutu.

Karanga: Kutu inaletwa na nini? Si mwezi?

Jemadari: Sikilizeni mbinu. Bastola inafungwa kwenye kitasa cha mlango kwa kamba. Adui anafungua mlango, kamba inavuta, bastola inajiweka tayari yenyewe, shemeji amekaa zake kwenye kiti anafuma soksi.

Mitambo: Na kama anayefungua mlango ni mchungaji?

Jemadari: Mchungaji apige hodi.

Karanga: Mpe bata bukini. Wawili. Mimi nilifukuzwa na bukini wa akina Hatfield mpaka nikapanda juu ya gari la watu, na gari lilikuwa linatembea.

Waliendelea hivyo, na mimi nikawa nawatazama tu. Nitasema ukweli: moyo ulikuwa na woga asubuhi ile, woga wa kisu cha daktari, na woga wa Verna akisikia hatua kibarazani nami sipo. Lakini hapo benchini, Karanga akieleza jinsi gari lilivyotembea na yeye akiwa juu, bukini nyuma yake, nilicheka hadi nikashika kifua. Mungu awabariki watu wanaoongea upuuzi mbele ya mtu mwenye hofu. Nililisema hilo kwa sauti, na Karanga akaniuliza kama nimeshaanza kupewa dawa.

Saa mbili na robo gari la posta likasimama. Mama wa posta alikuwa mgeni, Corinne Adkins, ana wiki tatu tu katika njia yetu baada ya yule wa zamani kustaafu. Bado hakujua kwamba tukiwa tumekaa hapo hatusemeshwi. Alishuka na bahasha ndogo yenye viputo vya plastiki ndani.

Corinne: Habari za asubuhi, wazee wangu. Hobart Sizemore ni nani? Hii ilikuwa imeenda kaunti nyingine, nimeirudisha kwa mkono wangu. Nimeona imeandikwa ya haraka.

Nilichana bahasha. Springi ilikuwa ndani, na karatasi imeandikwa kumi na sita. Sijui niliwahi kumshukuru mtu namna ile kwa kitu chenye uzito wa kalamu. Nilimshika mkono nikautikisa mpaka kofia yake ikahama.

Mitambo hakungoja. Alitandika taulo juu ya mapaja yake, akasema "Tupu" kwa mara nyingine, akaifungua bastola kidole kikiwa juu ya kile kifuniko kama anayefunika chupa ya shampeni, akatoa ishirini na mbili, akaweka kumi na sita, akafunga. Dakika nne. Akaivuta mara tano, akajaribu kizuizi cha usalama cha pembeni na kile cha mpini, akanipa. Niliivuta kwa vidole viwili. Verna ataiweza, nikasema. Verna ataiweza, wakasema wote, na Jemadari akatangaza ushindi kana kwamba alipigana.

Corinne alikuwa amesimama anakunywa kahawa aliyomiminiwa na mwenye duka.

Corinne: Samahani, mimi mgeni. Hii yote ni ya nini?

Karanga akamweleza, kwa fahari, kila kitu: kifua, vali, Charleston, wiki tatu, Bibi Ottie kitandani, ghala la jirani, springi. Akamalizia kwamba sasa mambo yamekaa sawa.

Corinne: Aa. Na anayempeleka hospitali ni nani?

Mimi: Naenda mwenyewe. Gari ninalo.

Corinne: Na atakayekaa na mkeo?

Karanga alikuwa na karanga mdomoni na hakuitafuna. Mitambo alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Watu hawa tunajuana miaka arobaini. Tulikuwa tumebishana asubuhi nzima juu ya ratili sita za springi, na hilo halikuwa limepita kichwani mwa yeyote, hata mwangu. Na mimi ndiye ambaye sikuwa nimeomba. Corinne alimaliza kahawa, akatushukuru, akaingia garini kwa sababu alikuwa na barua za watu.

Mitambo alilitua taulo mapajani.

Mitambo: Kule unatakiwa saa ngapi?

Mimi: Saa sita mchana.

Mitambo: Nitakuwa kwako saa mbili. Naendesha mimi. Wewe ukiendesha utafika Ijumaa.

Mimi: Lonzo, si lazima...

Mitambo: Sikukuuliza.

Jemadari alikohoa, akatazama mto.

Jemadari: Bibi Ottie anakula nini zaidi ya vyuma?

Mimi: Uji wa mahindi. Maharage laini. Viazi.

Jemadari: Nilipikia watu mia nne kwa siku. Bibi mmoja hanishindi.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kwamba alikuwa mpishi.

Karanga: Mimi sijui kupika na leseni wameninyang'anya. Lakini kukaa najua. Nitakaa kibarazani kwa Verna kuanzia asubuhi mpaka giza. Nitaongea. Hakuna mwizi atakayevumilia.

Nilitaka kusema asante. Nililia pale, mbele ya magunia ya chakula cha kuku, na hakuna aliyenitania, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye benchi lile.

Mitambo alinipeleka, na ndiye aliyenirudisha wiki tatu na siku mbili baadaye, nikiwa na mshono kifuani na vali inayogonga vizuri. Tulipokata kona ya mwisho niliona benchi la duka la Stallard kibarazani kwangu. Walikuwa wamelibeba na gari, kwa ruhusa, na birika pia. Karanga alikuwa upande mmoja na Jemadari upande wa pili, wanabishana kama samaki wa mtoni husikia ngurumo, na katikati yao alikaa Verna na kikombe chake, akiwaambia wote wawili kwamba hawajui kitu. Dirisha la chumba cha Bibi Ottie lilikuwa wazi, na sauti yake ilikuwa inatoka humo ikiwaunga mkono wale samaki.

Verna alinishika uso, akanikagua kama mtu anayehesabu kama vyote vimerudi. Nikamuuliza habari za bastola. Akasema iko kwenye droo, na droo hajaifungua hata siku moja.

Nikawaambia jamaa zangu kwamba sasa nimerudi, nawashukuru mno, kesho tutawasaidia kulirudisha benchi lao dukani. Verna akanivuta mkono wa shati.

"Waache kwanza, Hobart," akasema. "Mama hajacheka hivi miaka mingapi. Na mimi."