Tarishi wa Namba Sita

Jumamosi asubuhi, kijiwe cha kahawa cha Makole, Dodoma, kilikuwa kimeshapata watu wake. Upepo ulipuliza vumbi kama kawaida yake, nao wakaziba vikombe kwa viganja na kuendelea kubishana. Bashiri, Mrangi wa Kondoa, alichochea mkaa chini ya birika. Kwenye benchi alikaa Stanley, mchomeleaji wa Kizota aliyejiita Injinia na hakuna aliyemkatalia. Kando yake alikuwa Hamidu, waliyemwita Profesa kwa kuwa husoma vichwa vya habari vya magazeti asiyonunua. Hapo ndipo alipofika Matonya, tarishi wa chuo. Miaka ishirini na miwili amebeba majalada kutoka ofisi hii hadi ile, wala halijapotea hata moja. Leo alijivuta kama mtu aliyefiwa.

— Mbukwenyi, akawaamkia kwa Kigogo.

— Mbukwa, Matonya. Mbona umenyong'onyea? akauliza Bashiri.

— Wananihamishia Mpwapwa. Shamba la chuo, hata mtandao wa simu haufiki, nikachunge mbuzi.

— Umekosa nini?

— Sijakosa. Makaratasi yameisha. Barua, vikao, mitihani, kila kitu kimehamia kwenye wingu. Mkuu wa idara anasema sina tena cha kubeba.

Kilichomuuma hakikuwa mbuzi. Yudith, mkewe, ana sukari, na kila baada ya wiki mbili humpeleka kliniki mwenyewe, amemshika mkono. Akienda Mpwapwa, nani atamshika mkono? Lakini hilo alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akanywa kahawa.

— Hebu tuanzie hapo, akasema Injinia. Hilo wingu liko wapi?

— Sijui. Ila nimeona kwa macho yangu, watu watano wanaandika waraka mmoja, kila mtu yuko kwake. Maneno yanajitokeza tu. Huyu anaandika, yule anafuta.

— Sasa anayefuta na anayeandika, nani mkubwa? akauliza Bashiri.

Matonya hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Likamkaa kichwani.

— Mimi nawaambia, ni kontena, akasema Injinia. Limejaa rafu za chuma na mafeni. Nimeshachomelea rafu za namna hiyo.

— Kontena gani la kumeza chuo kizima? Profesa akamcheka. Mafaili yanazunguka juu angani, yakipita Dodoma ndiyo wanayadaka. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Kama yako juu, kuinama kwa nini?

— Methali haiulizwi kwa nini.

— Basi yako chini ya bahari, akasema Injinia, hataki kushindwa. Mitambo inapata joto, wanaipoza na maji. Samaki wanaogelea juu ya mitihani ya watu!

Kabla Profesa hajawapeleka mwezini, kitochi cha Matonya, simu yake ndogo ya vibonye, kikalia mlio wa ujumbe. Halafu kikaita.

— Matonya, namba imekuja? sauti ya mhadhiri mmoja wa kike ikauliza.

— Imekuja, Daktari. Nne, saba, saba, moja, tisa, mbili.

— Asante, baba. Shikamoo.

— Marahaba.

Akakata. Kijiwe kizima kikamtumbulia macho.

— Namba ya nini hiyo?

— Ya kuingilia huko kwenye wingu. Siku ya kuandikishwa wahadhiri walikuwa wanasimamia mitihani. Brightness, katibu wetu, akawajazia fomu wote kumi na mmoja, mkuu wa idara akiwemo, kwa namba yangu ya simu, maana mimi ndiye ninayepokea kila nikipigiwa. Sasa akitaka kuingia mmoja wao, namba inakuja kwangu. Namsomea.

— Na hawajabadilisha?

— Kila mtu anasema kesho.

Profesa akatikisa kichwa kwa busara nyingi.

— Ndiyo maana wakasema, mpanda ngazi hushuka.

Hakuna aliyeelewa, ila walikubali. Wakati huo Mwajabu, fundi cherehani aliyehamia nyumba ya jirani juzi tu, alikuwa amesimama akisubiri kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Kitochi kikalia tena. Namba sita mpya. Kikaita. Safari hii alikuwa mkuu wa idara, na kwa kuwa upepo ulizidi, Matonya akaweka sauti ya nje.

— Mzee Matonya, naomba namba haraka. Nataka kuingia nisaini barua yako ya uhamisho wa Mpwapwa.

Injinia akampungia mkono, asimsomee. Bashiri akaacha kumimina. Matonya akawaona. Lakini kazi ni kazi, na hajawahi kukalia cha mtu.

— Namba ni tatu, sifuri...

— Samahani, baba, akadakia Mwajabu, akipokea kashata zake. Mimi mgeni, nauliza tu. Ukishaenda Mpwapwa, simu unaiacha huku au unaondoka nayo?

Matonya akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Profesa. Profesa akaanza kutafuta methali. Ndani ya simu ikasikika pumzi ya mkuu wa idara, kisha kiti kikilia.

— Nani huyo aliyeuliza?

— Jirani, mkuu.

Matonya akasogeza simu mdomoni.

— Mkuu, niendelee? Tatu, sifuri...

— Hebu acha kwanza, mzee. Acha. Barua hiyo ingoje. Jumatatu uje ofisini.

Simu ikakatika. Matonya akabaki ameishika kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga na hana haya nayo. Bashiri akainamisha birika kwenye kikombe chake, likatoa tone moja na masizi.

— Kahawa imeisha, akasema. Nendeni makwenu.

Matonya alikuwa wa kwanza kuinuka. Yudith alikuwa hajala.