Kuku Waliorudi Mayaini

Kila alasiri, tukishatoka msikitini, sisi hukalia ubao ulio mbele ya duka la Mbaruk hapa Bagamoyo, na usiniulize kama hatuna kazi, nitakasirika. Kuna Mbaruk mwenyewe, kuna Pazi tuliyembandika jina la Gazeti kwa kuwa habari huzitoa kabla hazijatokea, kuna mimi, na kuna Mwishehe, fundi cherehani. Husseni hutumiminia kahawa kwa dele lake. Mwaka jana Zaina, binti wa Mwishehe, alipokwenda kusomea ualimu, baba mtu aliapa mbele yetu: vitabu kumi na viwili, kila mwezi kimoja, kila kimoja cha aina yake, viishe kabla mtoto hajarudi likizo. Kurani aliisoma chuoni tangu utotoni. Herufi za kizungu kazipata ukubwani, katika darasa la watu wazima. Siku hiyo Zaina alikuwa njiani, na baba alikuwa na kitabu cha mwisho mapajani.

— Bado ngapi, fundi? aliuliza Mbaruk.

— Kurasa nne. Uzuri wa vitabu vya kizungu, namba zinakuhesabia zilizobaki. Mia, tisini na tisa, tisini na nane... ikifika moja, umemaliza.

— Wenzetu wana huruma, wallahi.

— Lakini mambo yao! Kile cha upelelezi, muuaji anafungwa kwanza, halafu ndiyo wanaanza kumtafuta.

— Hiyo si hadithi, nikasema. Hiyo serikali.

— Cha safari, mtu anafika kwao salama, anapotea porini, mwisho anamuaga mkewe. Na cha ufugaji ndicho kilichonitoa jasho. Kuku unawauza sokoni, kisha wanapungua, wanakuwa vifaranga, mwisho wanaingia mayaini!

Gazeti akaweka kikombe chini.

— Mzungu anapenda yai kuliko kuku. Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kamba imeingiaje hapo?

— Asitoroke kabla hajawa yai!

— Upuuzi, alisema Mbaruk. Mwandishi anaogopa utakufa hujamaliza, basi anakupa la mwisho mapema. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Nyote hamjui! alidakia Gazeti. Huko Ulaya jana inakuja baada ya kesho. Binamu yangu alikuwa baharia melini, kaniambia walifika kabla hawajang'oa nanga.

— Huenda, alisema Mwishehe. Maana mwisho kabisa wa kila kitabu mwandishi anaweka jina lake, kama barua.

— Na vile vitatu vya herufi za Kiarabu? nikauliza.

— Aa, vile vina adabu. Vinaanza na Bismillahi.

Tukacheka, yeye hakucheka.

— Jamani, mimi naogopa. Mtoto amekaa na wasomi mwaka mzima. Nisipokuwa na la kuzungumza naye, atakaa na mimi kwa kunionea huruma tu.

Hatujamjibu, Zaina huyo, sanduku la bati kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, marahaba!

— Cha kumi na mbili hiki, mwanangu! Mwishehe alikurupuka. Nimebakiza kurasa nne tu!

Zaina akatua sanduku, akakipokea kitabu. Akautazama uzi mwekundu aliotilia alama baba yake, akazitazama kurasa.

— Baba, kwa nini umeanzia mwisho?

Loo! Gazeti akachungulia ndani ya kikombe. Mbaruk akakumbuka ana mchele wa kupima. Husseni akatikisa dele.

— Kahawa imekwisha, alisema, na hakuna aliyemwuliza.

Zaina akakigeuza kitabu taratibu.

— Hivi huanzia huku, baba. Vya Kiarabu ndivyo huanzia kule.

— Vyote tisa vya kizungu? Mwishehe aliketi. Basi mwaka mzima sikusoma kitu.

— Umesoma. Cha ufugaji umekimaliza?

— Nimekimaliza.

— Hebu nieleze.

Akaeleza, kwa haya mwanzoni. Vifaranga walipofika mlangoni mwa mayai, Zaina alicheka hadi kanga ikamvuka kichwani. Akajibwaga ubaoni, mahali pa Mbaruk, akafuta machozi.

— Ehe, baba. Na yule wa safari?

Tulipoitwa kwa sala ya magharibi tuliwaacha pale pale, sanduku lingali chini, na Zaina hajafika hata nyumbani kumwamkia mama yake.