Msomaji wa Majina ya Saa Saba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwangalizi wetu wa mfumo, tuliyemzoea kwa jina la Bwana Orodha, anastaafu Alhamisi, tarehe 30 mwezi huu.

Alianza akiwa karani wa masijala, enzi za majalada na vumbi lake. Tovuti ya wafanyakazi ilipokuja, alikabidhiwa kazi ya kuingiza majina. Kila siku ya kazi, saa saba mchana, tovuti huchota orodha ya masijala kwa ratiba aliyoiweka yeye: aliyeongezwa hufunguliwa akaunti, asiyemo hufutwa. Ratiba ikikwama, kipo kitufe cha kuanzisha uingizaji kwa mkono.

Kitufe hicho kilimponza mara moja. Alikibonyeza orodha ikiwa nusu, akamfuta mkurugenzi pamoja na idara nzima ya ufundi. Mkurugenzi alishuka ngazi mwenyewe kuuliza kama bado ameajiriwa. Tangu hapo, robo saa kabla ya wakati, Bwana Orodha hufungua ukurasa wa mabadiliko yanayosubiri, akasoma kwa sauti majina ya wanaoondolewa, kila mtu majina yake yote matatu, kisha akayahakiki na masijala. Vijana walimtania kwamba anaita mahudhurio ya wasiokuwapo.

Jumanne moja ukurasa ulionyesha mtu mmoja tu wa kufutwa: mpokezi wetu, ambaye sote humwita Shangazi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anaumwa mafua. Bwana Orodha aliyasoma kwa sauti majina yake yote matatu, akapiga simu masijala. Karani alifungua orodha, akaapa kwamba jina limo na hakuna aliyeligusa. Bwana Orodha akaufungua ukurasa upya. Jina lilikuwa palepale, likisubiri kufutwa. Alimpigia Shangazi. Simu iliita hadi ikakatika. Akasimamisha ratiba, akaondoka na dereva kwenda nyumbani kwa Shangazi.

Walivunja mlango. Shangazi alikuwa sakafuni jikoni, hajitambui, na mtungi wa gesi ulikuwa ukivuja. Daktari alisema kwamba nusu saa zaidi wasingemkuta hai.

Alasiri Bwana Orodha alirudi mezani, akaanzisha uingizaji kwa mkono. Wa kufutwa: hakuna. Mafundi walichunguza mfumo kwa siku tatu, wasione kasoro yoyote.

Shangazi alipopata nafuu, alimwambia mbele yetu: "Nilikusikia unaniita majina yote matatu, kaka. Nikadhani nimechelewa kazini." Kutoka meza ile hadi jikoni kwake ni mwendo wa kilomita sita.

Bwana Orodha, tunakushukuru kwa kutosoma harakaharaka. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu. Ijumaa jina lako litakuwa miongoni mwa majina ya kufutwa, nasi tunajua sababu yake. Hata hivyo, Shangazi ameapa kwamba halitafutwa kabla hajakupigia. Simu itakapolia, tafadhali ipokee.