Ngoma Iliyomwinua Kabamba

Mgeni rasmi, ndugu yetu Kabamba. Maman Rolande, mama mzazi wa mgeni rasmi. Wazee wetu wa Matonge. Viongozi wa misikiti na makanisa mliotuachia waumini wenu mchana huu wa Jumapili. Mashabiki wenzetu, mabibi na mabwana:

KARIBU

Tunakukaribisha kwa furaha na woga pamoja, wala hatuoni haya. Ukumbi huu ulio juu ya saluni, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Porte de Namur hapa Brussels, umezoea vikao vya harusi na matanga. Leo ameingia mtu ambaye siku zote tumemwona kwa mbali tu, ng'ambo ya nyasi. Ulipopanda ngazi, wazee walioapa kwamba hawatababaika waliwasukuma vijana pembeni, simu mkononi. Kusema kweli tulidhani wewe ni mrefu zaidi. Tangu ukose ile penalti ya Desemba tumekujadili sana, na mtu akijadiliwa sana huongezeka kimo.

Tulikualika bila matumaini, na sababu unaijua. Ulipojibu kwamba utakuja, katibu wetu, huyu anayekusomea, alilia ndani ya metro mbele ya watu. Kwa hiyo akikwama mahali leo, tafadhali mvumilie.

SISI NI NANI

Sisi ni watu wa jukwaa la nyuma ya goli, upande wa kaskazini. Tumo Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya. Wauguzi, madereva, wasafishaji wa ofisi, wanafunzi, na mke mmoja wa mwanadiplomasia ambaye ameomba asitajwe kwa namna anavyopiga kelele. Tumo pia Wabelgiji kadhaa, waliovutiwa na kelele zetu wakabakishwa na sambusa. Wa kwanza wao ni Madame Viviane wa Laeken, aliyeanza kuja uwanjani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Jukwaa letu lina desturi mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna kukaa. Ukishaingia unasimama mpaka kipyenga cha mwisho, na atakayekaa atataniwa mpaka msimu uishe. Ya pili ni ngoma. Mchezaji wetu akianguka, ngoma hupigwa mapigo matatu, nasi sote huitikia "Simama!" mpaka ainuke. Wewe mwenyewe tumekuinua hivyo mara nyingi, hata siku ambazo hukuwa umeumia, tulikuwa tunakuona.

Mpiga ngoma wetu ni Mzee Nassoro, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Wabelgiji huamini kila Mrundi amezaliwa na ngoma. Yeye amejifunzia hapa hapa ukubwani, kwa ngoma kuukuu aliyoachiwa na bendi ya mtaani kwake. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba ya kulelea wazee. Siku moja kikongwe mmoja alimwambia aondoe mikono yake michafu. Nassoro akatoka nje, akanywa maji, akarudi akamwogesha. Ndivyo alivyoishi katika nchi hii: anainamisha kichwa, anameza, anarudi kazini. Kwa kumeza huko amesomesha watoto wake wote. Tunakuomba ulijue hilo kabla hatujaendelea.

SIKU ILE

Mgeni rasmi, risala nyingi zikifika hapa husoma mafanikio. Yetu inakwenda kwanza kwenye aibu.

Siku ile ulipoushika mpira upande wa jukwaa la kuezekwa, milio ya nyani ikaanza. Haikutoka kwa mashabiki wa timu ngeni. Ilitoka kwa watu waliovaa skafu za rangi ileile tunayovaa sisi. Ulisimama kidogo, ukauacha mpira, ukatembea taratibu mpaka kwenye duara la katikati. Ukakaa chini.

Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Refa alikuja, akaongea, akakuonyesha kadi ya njano, nawe hukumtazama. Wengine walipiga miluzi, wengine wakapiga makofi, wengine wakaangalia viatu vyao. Mzee Nassoro hakufikiri habari ya haki wala ya magazeti. Alimwona mtoto wa watu amekaa chini mbele ya mabosi wake, naye akamwogopea. Akasema, na tuliokuwa karibu tulimsikia: "Mutoto huyu watamufukuza. Bon, ainuke haraka, ainuke."

Akapiga mapigo matatu. Nasi, Mungu atusamehe, tukaitikia. Sauti zote za jukwaa zima: "Simama!"

Uligeuza kichwa ukatutazama. Kutoka mbali kule uso hauonekani vizuri, lakini hakuna mmoja wetu aliyehitaji kuuona. Kisha ukainuka. Na wale wa jukwaa la kuezekwa, wale wenye milio, wakageuka upande wetu. Walitupigia makofi sisi.

Kesho yake gazeti moja liliandika kwamba hata Waafrika wenzako wamekuchoka. Lakini Mzee Nassoro hakusubiri gazeti. Kwenye metro ya kurudi, bwana mmoja mwenye skafu alimpa mkono akamwambia, "Bravo, papa, umemfundisha adabu." Nassoro aliupokea mkono ule kwa sababu amezoea kupokea. Halafu akautia mkono wake mfukoni, akakaa nao humo mpaka Porte de Namur. Nyumbani mkewe, Bi Jamila, alimwekea chakula akakataa. Alipoulizwa, alisema amemsaliti mtoto mbele ya watu waliomtukana, na haohao wamemshukuru yeye.

Tangu siku ile, mechi ikiisha, unapita majukwaa yote kusalimia, ukikaribia kwetu unageuka, unaingia ndani bila kutusalimia. Hatulalamiki. Tunasema tu kwamba tunabaki pale tumeinua mikono mpaka taa za upande wetu zinazimwa, na anayekuwa wa mwisho kuteremka ni Mzee Nassoro.

MAKUBWA TULIYOYAONA

Wiki iliyofuata tulidhani umekwisha. Kumbe! Kipyenga cha kuanza kililia, ukatembea mpaka pale pale ukakaa. Na mechi iliyofuata hivyo hivyo. Dakika moja tu, kisha unainuka unacheza, na unacheza vizuri, jambo lililowaudhi zaidi wasiokutaka. Tuliona watu wazima wakikugeuzia mgongo kwa pamoja. Tuliona baba mmoja akikata kadi yake ya msimu kwa mkasi aliokuja nao kutoka nyumbani. Tuliona pia mabinti wa shule wakikuimbia jina lako mpaka sauti zikawakauka. Wapo hata kati yetu waliohama jukwaa wakisema mpira ni mpira na siasa ni siasa, na chai yao tumeinywa wenyewe.

Mzee Nassoro aliendelea kuja, ila ngoma aliiacha nyumbani. Alisimama mahali pake, mikono mitupu. Alitwambia baadaye kwamba alikuwa anajiuliza swali moja tu: mtu anapata wapi nguvu ya kukaa peke yake katikati ya watu elfu ishirini? Yeye, kwenye chumba chenye kikongwe mmoja kitandani, hakuipata.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hulijui, kwa sababu ulikuwa umetupa mgongo. Kamera nazo zilikuwa kwako.

Ilikuwa mechi ya baridi kali. Kipyenga kikalia, ukakaa, uso wako kwa wale wa jukwaa la kuezekwa. Ngoja ngoja, tukamwona Mzee Nassoro anashika chuma cha mbele, anakunja goti moja, anakunja la pili. Magoti yake ni mabovu, kila mtu wa Matonge anajua, akienda kuswali huswalia kwenye kiti. Akajishusha mpaka kwenye saruji. Madame Viviane, aliye kando yake siku zote, alishtuka, akamuuliza kama anaumwa. Akamjibu kwa Kifaransa kwamba haumwi, amekaa tu. Madame Viviane akafikiri kidogo, akakunja skafu yake, akaiweka chini, akaikalia.

Basi, safu yao ikakaa. Ya nyuma ikakaa. Ikawa inapanda safu kwa safu mpaka juu kabisa. Jukwaa ambalo halijawahi kukaa tangu lijengwe, likakaa lote. Uwanja ukanyamaza tukasikia bendera zinapigapiga juu ya paa, tukasikia mlango wa choo unagongwa na upepo. Wa jukwaa la kuezekwa walikuwa wanatukodolea macho, na safari hii hawakuwa na makofi ya kutupa. Mgeni rasmi, baadhi yetu tumeona wafalme wakipita, tumeona marais, tumeona Kaaba na Roma. Lakini hatujapata kuogopa kwa namna ile nzuri. Tulijiona wadogo na wakubwa kwa wakati mmoja, tukashikana mikono na watu tusiowajua majina.

Ulipoinuka, mpira ukaanza, nasi tukasimama; mpaka unageuka upande wetu tulikuwa wima kama kawaida. Hukuona kitu. Kumwinua Mzee Nassoro kulichukua watu watatu, naye alikuwa analia huku anacheka.

LINALOTUUMIZA

Habari zimetufikia, kama zilivyomfikia kila mtu, kwamba klabu imekuambia ukikaa tena Jumamosi hii utavua jezi, na mkataba hautaongezwa. Tunajua umri wako. Tunajua mpira hausubiri, na kwamba klabu nyingine zitajifanya hazikuoni. Maman Rolande, tumekuona unavyofunga mikono tulipolisema hili. Tunalisema kwa sababu tangu habari hiyo itoke, huyu mzee wetu halali. Anasema woga wake wa siku ile haukuwa wa bure, ila alikosea pa kuupeleka: alikupigia ngoma wewe uliyetukanwa, badala ya kwenda kukaa karibu yako.

Ameshindwa kuisoma risala hii mwenyewe. Amesema atapanga viti, na kweli amevipanga. Yule pale karibu na mlango, mwenye kofia ya kijivu, ndiye Mzee Nassoro. Amesimama hapo ili ukikasirika apate kutoka bila kukusumbua.

OMBI

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi mengi, kama ilivyo kawaida yetu tukimpata mgeni. Tuliomba jezi yenye sahihi ya kutundika ukutani, tiketi za watoto, na uje kwenye harusi moja ya mwezi wa sita. Mzee Nassoro aliposomewa kikaoni aliyafuta yote. Harusi ilimwuma bibi harusi, yupo hapa, lakini naye alikubali.

Limebaki moja, na amelisema kwa maneno yake. Tumeapa kutoyasahihisha:

"Mumuandikie hivi. Mimi nilimuinua siku yenye hakutakiwa kuinuka. Donc, samedi asikae. Acheze, atie bao, arudi kwa mama yake na kazi yake mukononi. Kukaa, nitakaa mimi."

Hatakaa peke yake. Hiyo samedi yake, Jumamosi hii, kipyenga kikilia, jukwaa la kaskazini litakaa chini, na tumezungumza na mabinti wa shule, na watu wa majukwaa mengine wawili wawili, kazini na kwenye metro. Wakitaka kufukuza, waje wamfukuze shabiki mmoja mmoja, wana kazi. Wewe umekaa kwa ajili yetu muda wa kutosha. Tunakuomba ruhusa ya kupokea zamu.

Kama utakubali, hatuhitaji hotuba. Mechi ikiisha, usiingie ndani. Njoo upande wetu, maana kuna mzee hapo chini kwenye saruji ambaye hawezi kuinuka mwenyewe.

Mungu tunayemwomba msikitini na kanisani akulinde miguu na jina lako, ampe Maman Rolande usingizi, na awape waliokutukana masikio mapya. Amina.

Ni sisi wako,
Mashabiki wa Jukwaa la Kaskazini, Matonge, Brussels.